Benchi la Chini ya Saa

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu, naomba radhi. Tangu siku tuliyokuzika sijaandika humu hata mstari mmoja, na sasa ni miaka miwili na miezi minne. Daftari lilibaki kwenye droo ya cherehani yako. Kila nilipoifungua droo hiyo nilichukua mkasi au uzi, nikaifunga upesi, kama mtu anayempita jirani aliyemkosea. Wewe ulizoea kulisoma kila Jumamosi na kutia alama ya penseli mahali uliposhuku kwamba nimejipendelea. Sasa hakuna wa kutia alama.

Nimerudi kwa sababu ya kazi. Mchungaji ameniomba niwafundishe wazee wa kanisa masomo sita, kila Alhamisi jioni, msimu huu wote wa mvua. Mada ni neema ya Mungu na jinsi uovu unavyozuiwa katika jamii. Nataka kupanga mawazo yangu humu kabla ya kusimama mbele ya watu.

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri. Paa linavuja pale pale, karibu na dirisha la chumba cha mbele. Nimesogeza cherehani na kuweka beseni.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la kwanza. Nilieleza kwamba neema ni ya namna mbili. Ya kwanza huokoa: humwondolea mtu hatia na kumpa moyo mpya. Ya pili haimwokoi mtu, ila humzuia. Kwa hiyo hata asiyemjua Mungu huwapenda wanawe, hufanya kazi yake kwa uaminifu, huona haya. Bila neema hiyo mji usingefika Ijumaa. Mungu humtia mwovu lijamu kwa kutumia sheria, serikali, dhamiri na kanisa.

Mzee mwenzangu, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliinua mkono. "Mwalimu, na sisi tuliokwisha kuokoka, tunahitaji lijamu au tunakimbia tu wenyewe?"

Watu walicheka. Nilimjibu kwamba swali lake litajibiwa katika somo la nne. Somo la nne sijaliandika.

Jumapili, 9 Machi

Baraza la wazee lilikutana baada ya ibada. Kulikuwa na barua ya mhudumu wa chumba cha maiti, ambaye mji mzima unamwita Bwana Baridi. Utakumbuka kwamba alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu ya ulevi. Hoja niliitoa mimi, na kumbukumbu za kikao niliziandika mimi. Sasa anaomba arudishiwe kadi.

Binti yetu anasema mambo ya kadi tungeyaacha zamani. "Baba, mtu anakuja kula Meza ya Bwana, hapandi treni." Nilimweleza kwamba utaratibu ni ule ule tuliourithi: mara nne kwa mwaka naandika kadi kwa mkono, moja kwa kila mshiriki, wazee wanazipeleka nyumba kwa nyumba, na siku ya Meza kila mtu anaitumbukiza yake katika kisanduku cha mbao pale mlangoni. Asiye na kadi hukaa benchi la mwisho, chini ya saa. Akaniuliza, "Na wewe yako nani anakuandikia?" Nikamwambia naiandika mwenyewe. Akatabasamu tu.

Katika baraza mwenye duka alisema, "Bado anakunywa huyo. Juzi nilimkuta amesimama wima kama mlingoti, na Bwana Baridi akisimama wima hivyo saa nne asubuhi, jua amelewa." Nilishauri ombi liahirishwe mpaka aonyeshe mabadiliko. Likaahirishwa.

Alikuwa akingoja nje, mvua inamnyeshea. Nilipompa habari alisema, "Asante, Mwalimu. Benchi lenyewe tumezoeana. Limeshashika umbo langu."

Sikuupenda mzaha huo.

Jumatano, 12 Machi

Cherehani yako imeibwa.

Nilikuwa kanisani tangu saa nane, binti yetu alikuwa kazini. Niliporudi saa kumi na moja mlango wa mbele ulikuwa wazi na komeo limeng'olewa. Redio ipo. Saa ya ukutani ipo. Cherehani haipo. Hata beseni wameliacha pale pale likipokea matone.

Nilipokuwa nikiingia kichochoro chetu nilimwona mtu akitokea upande wa pili. Alivaa koti la buluu la kazi, alichechemea, alibeba gunia begani. Nilimwona mgongo tu. Mvua ilikuwa kubwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewaeleza polisi. Nimewaeleza majirani. Nimeandika maelezo ya yule mtu kwenye karatasi na kuibandika mlangoni pa duka la vifaa.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Miguu minne ya cherehani imeacha alama nne sakafuni. Binti yetu amedeki chumba chote, pale akapazunguka.

Alhamisi, 20 Machi

Somo la tatu. Nilisema kwamba wako watu ambao Mungu, kwa haki yake, huwalegezea lijamu, na mwizi anayeingia katika nyumba ya mjane ni mmoja wao. Mchungaji alinitazama sana. Baadaye aliniambia kwa upole, "Baba, leo ulifundisha kwa nguvu." Nilimjibu kwamba mada yenyewe ina nguvu.

Jumamosi, 22 Machi

Fujo sokoni. Mwizi amepigwa na kupelekwa hospitali. Polisi walifika. Nilirudi mapema. Mvua haikunyesha.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda ibadani. Mafua.

Jumanne, 25 Machi

Binti yetu ameliloweka shati langu la Jumamosi mara mbili. "Baba, hili vumbi jekundu la mkononi halitoki. Ulishika nini?"

Nilimwambia sikumbuki.

Ijumaa, 28 Machi

Niliyoyaandika tarehe 22 hayana uongo wowote, na hayana ukweli wowote. Ungetia alama ya penseli kila neno.

Leo asubuhi, tukinywa chai, binti yetu aliweka kikombe chini. Yeye huwapokea wagonjwa pale mlangoni pa hospitali, na hakuna linalompita.

"Baba, yule mtu wa Jumamosi ni mwokota chupa. Jicho la kushoto halitaona tena."

Nilisema ni jambo la kusikitisha.

"Hospitali nzima wanajua nani alisema ni yeye. Hawasemi tu. Nusu yao uliwafundisha."

Aliondoka kwenda kazini. Nimekaa hapa mpaka saa sita. Sasa naandika yaliyotokea.

Nilikwenda sokoni saa nne kununua kioo cha taa. Nilisimama na mwenye duka mlangoni pake, chini ya ile karatasi yangu. Mtu alipita upande wa pili wa barabara: koti la buluu, gunia begani, anachechemea. Nikasema, "Ndiye huyo."

"Una hakika, Mwalimu?"

Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka yote: "Nimefundisha miaka thelathini na minane. Sisemi nisilolijua."

Sikulijua. Nilijua koti. Makoti kama hayo yamejaa mji mzima.

Mwenye duka alipiga kelele mara moja tu. Kisha sikusikia tena neno "mwizi" peke yake. Nilisikia lingine likipita mdomo kwa mdomo, kutoka kwa wauza viazi mpaka kwa mafundi baiskeli: "Mwalimu amesema. Mwalimu amesema." Watu ambao wasingemgusa mtu kwa neno la mlevi yeyote walimgusa kwa neno langu. Chupa zilimwagika kutoka kwenye gunia zikaviringika barabarani. Mtu akasema, "Cherehani ameshaiuza!" Yule mwenye gunia akaangushwa. Sikuona nani alipiga kwanza. Niliona fimbo, niliona viatu, nilimwona mama mmoja aliyeimba pamoja nami katika kwaya akimpiga kwa mwavuli.

Nami nilisogea karibu. Hilo nalisema wazi. Sikusogea ili nizuie.

Ndipo Bwana Baridi alipoingia katikati. Alikuwa na kipande cha sabuni mkononi na alinuka pombe. Hakupiga kelele. Alipiga magoti kando ya yule mtu, akatoa mfukoni utepe wa kupimia, ule anaowapimia marehemu kwa ajili ya mafundi wa majeneza, akaunyoosha kutoka kisogoni mpaka kisiginoni.

"Ngojeni kidogo, jamani, msimalize bado. Nichukue vipimo." Akasoma utepe, akauweka karibu na pua. "Futi tano na inchi tano. Mwembamba. Fundi atafurahi, mbao kidogo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajikatiza.

"Bwana Baridi, toka hapo!" alifoka mwuza nyama. "Hayakuhusu!"

"Hayanihusu? Nyinyi kazi yenu dakika kumi, mnakwenda kunywa chai. Nani anabaki naye? Nani anamfumba macho? Leo ni siku yangu ya mapumziko. Atakayemuua amwoshe mwenyewe. Nani anajitolea? Nyoosheni mikono, kama darasani."

Hakuna aliyenyoosha.

Akainuka, utepe unaning'inia, akamwendea mwuza nyama na kuanza kumpima mabega. "Wewe utahitaji mbao za kutosha, kaka. Simama vizuri. Baba yako hakunisumbua hivi. Nilimkata kucha, unajua? Alikuja na kucha ndefu." Akamgeukia yule mama wa mwavuli. "Na wewe, dada yangu. Soksi ulizoleta kwa ajili ya mtoto zilikuwa kubwa. Nilizikunja mara mbili ili zisimtoke. Sikukwambia, nisikuongezee." Mwavuli ulishuka. Akawapitia hivyo, mmoja mmoja, huyu mama yake, yule mumewe, bila kumkemea yeyote. Mimi nimesimamia mitihani mingi, sijawahi kusikia ukimya kama ule.

Akafika kwangu. Alinong'ona, nadhani hakuna mwingine aliyesikia.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama nilimwosha kwa maji ya moto. Wengine nawaosha kwa yaliyopo. Aliwahi kunishonea suruali, akakataa malipo." Kisha akatazama chini. "Weka hicho."

Nilitazama mkono wangu wa kulia. Nilikuwa nimeshika nusu ya tofali. Mke wangu, sijui niliiokota wapi wala lini. Niliiweka chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani baada ya kuona si saizi yake.

Polisi walipofika waliuliza nani alianzisha. Mwenye duka alijibu, "Hatujui, afande. Mwalimu mwenyewe alikuwa anapita tu."

Nami sikumkanusha.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua tangu alfajiri. Beseni linajaa kila saa mbili. Namwaga, narudisha.

Jumanne, 1 Aprili

Nilikwenda chumba cha maiti. Nilijiambia nampelekea Bwana Baridi barua ya baraza. Barua hiyo ingeweza kupelekwa na mtu yeyote.

Ni chumba kimoja chenye vigae vyeupe, na kando yake kijichumba chenye meza, kiti, birika kuukuu la chai na kitabu kikubwa cha kuandika wanaoingia na wanaotoka. Alinipa kiti, yeye akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Karibu, Mwalimu. Huku watu huja wakiwa wamelazwa. Wewe umekuja kwa miguu, ni heshima kubwa."

Nilimuuliza kama anamjua yule mwokota chupa. Alifungua kitabu, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akakigeuza upande wangu. Jumatano, tarehe 12 Machi. Maiti ya mwanamke. Ndugu aliyekaa naye: kaka. Kuingia, saa tatu asubuhi. Kutoka, saa kumi na mbili jioni. Alama ya dole gumba.

"Alikuwa anamngoja shangazi yao aje na nguo za kumvisha," alisema. "Gari lilikwama kwenye matope. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Lile koti nilimpa mimi, maana humu kuna baridi na yeye alikuja na fulana."

Nilisoma mstari ule mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua hana hatia. Kwa nini hukuwaambia watu pale?"

Alishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai kofia miguuni.

"Mwalimu, ningesema hana hatia wangeniuliza ushahidi, na kitabu kiko huku. Halafu tuseme angekuwa nayo. Tuseme cherehani kaiba yeye. Ningefanyaje, ningekunja utepe niende zangu?"

Nimewafundisha wazee masomo manne juu ya neema. Muuaji wa kwanza kabisa wa wanadamu alitiwa alama na Mungu ili asiuawe, na alikuwa na hatia yote. Hilo nimelifundisha tangu ujana wangu. Sikuwahi kulielewa mpaka aliponieleza mtu aliyekaa juu ya ndoo.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza, kwa sababu lazima niulize, kama bado anakunywa.

"Nakunywa. Ningekwambia ni kazi, na kazi imo. Lakini naipenda pia, Mwalimu, nisikudanganye."

Barua nilirudi nayo nyumbani mfukoni.

Alhamisi, 3 Aprili

Somo la tano. Nilisimama, nikafungua karatasi, nikasema kwamba swali la mwenye duka katika somo la kwanza halijajibiwa. Tunahitaji lijamu. Nikawaambia kwamba tarehe 22 Machi nilimsingizia mtu asiye na kosa, nikashika tofali, na Mungu akanizuia kwa mkono wa mtu niliyemnyima kadi. Nikakaa chini.

Mwenye duka aliangalia viatu vyake. Mchungaji alifunga kwa sala fupi sana.

Ijumaa, 4 Aprili

Mchungaji alikuja nyumbani. Kijana mwema, nilimfundisha darasa la sita. Alikataa chai, ndipo nikajua mambo ni mazito.

"Baba, uliyoyasema jana yabaki kwa wazee tu. Tubu mbele za Mungu, tutamsaidia yule ndugu kwa matibabu, inatosha. Watu wakijua, imani yao itaanguka."

"Ilikuwa imesimama juu ya nini?"

Kisha akasema kwa sauti ya yule mtoto wa darasa la sita, "Juu yako kidogo, Mwalimu."

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nilipenda iwe hivyo. Miaka yote nilipenda.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alisimama aliponiona. "Shikamoo, Mwalimu!" Alinipa kiti chake. Nilipomweleza nililokuja kusema alifunika kitabu.

"Mwalimu, mambo haya yameshapoa. Kwa nini tuyapashe moto?"

"Fungua kitabu. Andika."

Akaandika. Nilimtajia polepole, sentensi moja moja, na mahali pa nukta, kama imla. Alipofika kwenye tofali kalamu ilisimama. Nilirudia sentensi hiyo mara tatu mpaka alipoimaliza. Nikatia sahihi. Mwenye duka na mwuza nyama hawakuwa katika maelezo yangu. Wao watasema yao.

Aliniambia kwamba mwokota chupa akitoka hospitali ataulizwa kama anataka shauri liende mahakamani. Uamuzi ni wake.

Jumatano, 9 Aprili

Binti yetu alinipeleka wodini. Mwokota chupa ni mdogo kuliko nilivyodhani, labda miaka arobaini. Jicho moja limefungwa bandeji. Lingine lilinitazama kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye Mwalimu? Nilikusikia nikiwa chini. Mwalimu amesema, Mwalimu amesema. Nikadhani ni mtu mrefu."

Nilimweleza yote. Sikusema juu ya mvua wala koti. Nilisema tu kwamba nilitamka nisilolijua. Nilimwomba msamaha. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala.

"Siku ile ulipoibiwa nilikuwa na dada yangu," akasema.

"Najua. Nimeona kitabu."

"Kwa hiyo mpaka uone kitabu." Hakusema kwa hasira. Akageuza uso ukutani. "Nitaamua nikitoka hapa. Siamui mambo nikiwa nimelala."

"Ni haki yako," nilisema.

"Najua ni haki yangu. Si wewe unayenipa."

Nilitoka. Nilipofika mlangoni aliniita. "Mwalimu. Chupa zangu zilikwenda wapi?"

Sikujua. Hakuna aliyeziokota.

Jumapili, 20 Aprili

Siku ya Ufufuo. Niliombwa kusoma Injili. Nilikataa, nikasikiliza mwingine akisoma vibaya, na nilisikia kila neno.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Habari imeenea. Watu wengine bado hunisalimu shikamoo, wengine huvuka barabara. Yule mama wa mwavuli alinisimamisha sokoni. "Ungenyamaza, Mwalimu. Sasa na mimi silali." Nikamwambia aende wodini. Alisema anaogopa. Tulikwenda pamoja, mimi nikabaki nje.

Jumanne, 6 Mei

Cherehani haijapatikana. Polisi hawana habari ya mwizi halisi. Nimeibandua karatasi mlangoni pa duka. Mwenye duka aliniletea ngazi, akaishikilia.

Jumapili, 18 Mei

Baraza la wazee. Ajenda mbili: Bwana Baridi, na mimi.

Nilisema nianze mimi. Nilieleza kwamba mtu anayechunguzwa kwa kosa la damu hawezi kupewa kadi, na kwamba kanuni hiyo niliiandika mwenyewe. Nikaweka kalamu na kadi tupu zote mezani, waandike wengine.

Mwenye duka alifoka. "Basi na mimi! Kelele nilipiga mimi. Kwa nini wewe uzibebe zote, Mwalimu, hata katika dhambi unataka kuwa wa kwanza?"

Watu walicheka, naye akacheka huku machozi yanamtoka, akasema hata yeye asiandikiwe. Mchungaji alishika kichwa.

Juu ya Bwana Baridi nilisema kwamba bado anakunywa na hafichi, kwa hiyo siwezi kusema kanuni imetimizwa. Lakini nilikosea jambo moja miaka mitatu iliyopita. Nilimhesabu kuwa mtu ambaye Mungu hana kazi naye. Nikaomba ifutwe sentensi moja katika kumbukumbu, ile niliyoandika kwamba "hana faida kwa jamii wala kwa kanisa". Iliandikwa kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Ilifutwa. Kuhusu kadi yake, wazee waligawanyika tatu kwa tatu, kwa kuwa mimi sikupiga kura. Wamekubaliana wangoje: yule mwokota chupa akishaamua juu yangu, baraza litaamua juu yetu wote watatu.

Jumatano, 21 Mei

Jua siku nzima. Nimelikausha beseni na kulitundika.

Jumapili, 25 Mei

Siku ya Meza. Nilitembea kanisani mikono mitupu. Mlangoni kijisauti cha kadi zikitumbukia kisandukuni nilikisikia kwa mara ya kwanza. Miaka yote nilikuwa mbele nikipanga vikombe. Kadi za safari hii ziliandikwa na binti yetu. Mwandiko wake ni wako.

Nilikwenda benchi la mwisho. Bwana Baridi alikuwa ameshakaa, amenyoa, koti limefungwa vifungo vyote. Mwenye duka alikuja baada yangu akitokwa jasho. Bwana Baridi alisogea.

"Karibuni, wazee. Hapa upepo mzuri, na saa huioni kwa hiyo mahubiri hayachoshi. Ila Mwalimu usikae hapo, hapo pana shimo langu. Utazama."

Sahani ya mkate ilipita safu kwa safu. Ilipofika kwetu mchungaji mwenyewe ndiye aliyeishika. Alisimama kidogo, akatutazama watatu, akapita. Alifanya sawa. Nilimfundisha mimi kupita hivyo. Sikuwahi kujua jinsi mkate unavyonukia ukipita mbele ya mtu bila kusimama.

Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Mwokota chupa aliingia na fimbo ya hospitali, bandeji jichoni, na lile koti la buluu limefuliwa. Si mshiriki wetu. Sijui kama ni wa kanisa lolote. Watu waligeuka. Alitafuta kwa jicho lake moja mpaka akatuona. Pale penye wenye kadi nafasi zilikuwa nyingi, na mama wa mwavuli alisogea ampishe. Alimpita. Akaja akakaa mwisho wa benchi letu, upande wa Bwana Baridi, hakunitazama.

Bwana Baridi alimnong'oneza, "Umetoka lini?"

"Jana."

"Umeshaamua?"

"Kesho naenda kituoni." Kisha akasema, bado akitazama mbele, "Nyamaza kwanza nisikie wimbo."

Tuliimba. Sauti yake ni nzito na hajui maneno, aliyafuata nyuma kidogo, na mimi niliyajua yote na sikuweza kuyatoa.

Mke wangu, sijui atasema nini kesho. Sikumwuliza, wala sitakwenda kituoni kumsubiri mlangoni, maana hiyo nayo ingekuwa namna ya kumshika mkono. Nitakaa hapa, kwenye zile alama nne sakafuni, nimeweka kiti changu katikati yake. Akishaamua, liwe lolote, nitakuandikia siku hiyo hiyo, na sitajipendelea.